Friza ya Nyumba Tatu

Ilibebwa na wanaume wanne kutoka gatini,
mlango umeng'olewa, maana vichochoro vya Langoni
vilipimwa kwa mbavu za punda, si kwa friza.
Ukutani kwa fundi Shekuwe pana kovu la chokaa mpaka leo.
Fundi hakudai fidia. Alidai nafasi:
droo ya katikati, upande wa kushoto.
Bi Ruweida naye akadai ya juu, kwa sababu ya ujirani.

Ndipo tukawa nyumba tatu kwenye waya mmoja.
Shekuwe akakata vitambaa kwenye masalio ya cherehani:
chetu chekundu, cha Ruweida samawati,
chake mwenyewe maua ya arusi ya mtu.
Kila mfuko ukafungwa kitambaa shingoni.

Mama hakusoma, ila aliijua baridi
kama wengine wanavyojua nasaba.
Mimi nilikuwa karani wake, na daftari la hesabu.
"Andika," husema, nami naandika:

kuku mbichi chini kabisa, damu yake isimdondokee mtu;
kamua hewa, hewa ndiyo inayokausha nyama;
pweza mgawe kabla hajaganda, mlo mmoja, mfuko mmoja;
usibanebane, baridi nayo yataka njia ya kupita;
kilichoyeyuka hakirudi;
na cha moto kisiingie humu hata kwa amri ya kadhi.

"Cha moto kikiingia," alisema,
"huwapa homa majirani wote."

Alhamisi, baada ya alasiri, stima ikakatika.
Friza ikakohoa, ikanyamaza.
Mama akaifunika blanketi mbili na mkeka wa wageni,
akaweka kiti mbele ya mlango, akakaa.
"Asifungue mtu. Imejaa, itajilinda."

Magharibi Ruweida akaja. Ana wageni kutoka Faza,
anamtaka nguru wake.
"Subiri."
"Samaki ni wangu."
"Samaki ni wako. Baridi ni ya wote."
Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi,
kila kidato neno.

Usiku wa manane mjukuu wake akashikwa na homa,
kilio kikatufikia kupitia ukuta.
Nilijifanya nimelala. Nikamwona mama
anafunua blanketi, anafungua upana wa kiganja,
mkono ndani, mkono nje,
kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe.
Bonge la barafu ndani ya leso,
akapita juu, kwenye wikio, miguu mitupu.
Hakurudi mpaka adhana.

Jumamosi asubuhi, bado giza kwenye waya,
aliufungua mlango wote.
Akapapasa mfuko baada ya mfuko kama mkunga.
Chenye chembe za barafu, kibaki.
Kilicholegea, motoni leo hii.
Maini ya fundi yalikuwa yameshageuka;
tuliyafukia uani, fundi akatazama pembeni.

Sufuria nne, gunia la makaa, nazi kumi na mbili.
Vitambaa vilifunguliwa vikarundikwa pamoja,
na mchuzi ulipochemka
hapakuwa na wa kusema changu ni changu.

Ruweida hakuja kula.
Sinia tulilompelekea lilirudi limeoshwa, kavu,
bila salamu.
Siku nane tulipishana naye mlangoni kama wapangaji.

Ya tisa, akabisha.
Mchuzi mkononi, kopo lina kifuniko,
tarehe kaiandika mwenyewe, mwandiko wa kuinama,
kitambaa cha samawati kimekazwa shingoni.
Hakutaja barafu. Mama naye hakumtaja nguru.
Aliupokea, akaupima kwa kiganja, ubavuni,
muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Bado una moto," akasema.
"Keti kwanza, upoe."